Maji Hayakuwa Ngao: Hoja Dhidi ya Uhakiki Unaoogopa Uganga

Utangulizi

Kuna desturi iliyokita mizizi katika idara zetu za fasihi. Mhakiki akikutana na uganga katika matini ya vita, huchagua mojawapo ya njia mbili: ama huuita ushirikina na kuusikitikia, ama huuita ishara na kuufasiri hadi ukakoma kuwa uganga. Njia zote mbili humfikisha pamoja. Humwondolea jukumu la kuuliza swali ambalo hadhira ya hadithi huliuliza kwanza: je, uganga huu unafanya kazi vipi, una masharti gani, na aliyepewa aliutumia kwa werevu kiasi gani? Makala haya yanadai kwamba swali hilo si la kitoto. Ni swali la kihakiki, na kulipuuza kumetufanya tuzisome vibaya baadhi ya kazi kuu za fasihi yetu.

Kilichotusukuma kushika kalamu ni uamuzi wa jopo moja la wasomi, ambalo hatulitaji kwa kuwa tunashindana na hoja wala si watu. Mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha pendekezo la kuchunguza jinsi vijana wa Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, wanavyosimulia vita na uganga katika michezo ya kuigiza wahusika inayochezewa mezani. Pendekezo lilikataliwa kwa sababu nne: kwamba mchezo si fasihi, kwamba mchezo huo ni wa kigeni, kwamba uganga ni ushirikina usiostahili hadhi ya kitaaluma, na kwamba si busara kuwahimiza vijana wa mitaa iliyokwisha kuona damu wacheze vita. Tutazijadili sababu hizi moja baada ya nyingine. Tutakawia zaidi katika ile ya tatu, kwani humo ndimo lilimojificha kosa lenyewe.

Mchezo na Kanuni Zake

Msomaji asiyeujua mchezo huu anahitaji maelezo mafupi. Watu wanne, watano au sita huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi: yeye ndiye mvua, ndiye adui, ndiye mzee wa kijiji anayeombwa ushauri. Waliosalia kila mmoja ana mhusika wake, ambaye sifa zake zimeandikwa karatasini. Msimulizi hueleza hali. Wachezaji husema wahusika wao watatenda nini. Na pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hurushwa, hasa ile yenye pande 20. Mhusika mwenye uganga hana uwezo usio na mpaka. Kila nguvu aliyo nayo imeandikiwa masharti: umbali inaofika, muda inaodumu, maneno ya kutamkwa na, mara nyingine, kitu cha kushikwa mkononi. Nyingi kati ya hizo huweza kutumiwa mara chache tu kwa siku.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Ulichipuka kutokana na michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo za askari. Kitabu cha kanuni kilichoutangulia, Chainmail cha mwaka 1971, kiliupima uganga kwa kipimo cha mizinga: tufe la moto la mganga lilifikia eneo sawa na pigo la mtambo mkubwa wa kurushia mawe, na radi yake ilihesabiwa kama mzinga mzito wa uwanjani. Tukirudi nyuma zaidi, ukoo wa michezo hiyo unatufikisha Prusia, ambako Georg von Reisswitz aliliwasilishia jeshi mwaka 1824 mchezo wa mezani wa kuwafunza maofisa namna ya kuamrisha vita. Msomaji na alihifadhi jambo hili akilini, maana tutalihitaji tutakapofika Mahenge.

Kwa hiyo uganga uliingia mezani ukiwa silaha nzito. Haukubaki hivyo. Wachezaji waligundua kwamba kanuni husema nguvu fulani inafanya nini, lakini haisemi inafaa kwa nini. Katika mwanya huo ndimo ubunifu wote ulimozaliwa. Mchezaji hodari si yule mwenye tufe kubwa la moto. Ni yule anayechukua nguvu ndogo, ambayo mwandishi wa kanuni aliitunga kwa kazi ya jikoni au ya safarini, na kuigeuza kuwa mbinu ya vita ambayo msimulizi hakuitarajia.

Pendekezo lililokataliwa lilikuwa na mifano miwili ya jambo hili. Katika kikundi cha Kibera, wahusika walikuwa ndani ya mji uliozingirwa. Mmoja wao alikuwa na nguvu ya kutoa maji yasiyozidi galoni 10, yaani karibu mitungi miwili ya lita 20. Wenzake walidhani atawanywesha watu wa mjini. Yeye aliuliza swali jingine: je, ni nani anayebeba vyakula vya jeshi lililotuzingira, na huyo anakunywa nini? Msimulizi akajibu kwamba ni wapagazi, na kwamba maji yao hupimwa baada ya askari kutosheka. Kwa siku tatu mhusika yule alipenya usiku na kuwapelekea wapagazi maji. Siku ya nne wapagazi hawakuinua mzigo, na jeshi lisilo na wapagazi likaondoka. Katika kikundi cha Kawangware, mchezaji alikuwa na nguvu ya kuwasha taa nne zinazoelea hewani kwa muda wa dakika moja. Aliziwasha ng'ambo ya mto wakati wa ukungu, zikazimika, akasogea akaziwasha mahali pengine, huku wenzake wakipiga madebe. Adui alihesabu safu baada ya safu na kuomba mazungumzo. Yeyote anayekikumbuka kisa cha Gideoni, mitungi yake na mienge yake, ataona kwamba kijana huyo hakubuni mbinu katika ombwe.

Kuhusu Dai la Kwanza: Mchezo si Fasihi

Dai hili ni jepesi, nasi hatutalikawilia. Fasihi simulizi tunayoifundisha ina fanani, hadhira na utendaji. Ina matini isiyorudiwa vilevile mara mbili, na ina hadhira inayomkatiza fanani, kumsahihisha na kumsukuma. Mambo hayo yote yamo mezani. Tofauti ni kwamba hapa hadhira imepewa wahusika wa kuwaendesha, na kwamba dadu inaweza kumnyima fanani mwisho alioupanga. Johan Huizinga alieleza mwaka 1938, katika Homo Ludens, kwamba ushairi wenyewe ulizaliwa ndani ya mchezo. Lakini hatuna haja ya kusafiri hadi Uholanzi. Vitendawili ni mchezo wenye kanuni, wenye adhabu ya kutoa mji na wenye zawadi ya kuupokea. Mchongoano ulizaliwa mitaani kama mzaha wa vijana, na leo umo katika vitabu vya fasihi simulizi vya shule za sekondari. Jopo linalokubali mchongoano na kukataa mchezo wa kuigiza wahusika linapaswa kutuonyesha kigezo chake. Tunashuku kwamba kigezo hicho ni umri wa jambo wala si sifa zake.

Kuhusu Dai la Pili: Ugeni

Ni kweli kwamba mchezo huu ulitoka Marekani. Riwaya nayo ilitoka nje. Tamthilia ya jukwaani yenye maonyesho yaliyogawanywa ilitoka nje. Na bado hakuna anayelitupa jina la Ebrahim Hussein kwa sababu ya asili ya umbo alilolitumia. Kinachoangaliwa ni kile ambacho wenyeji wamelifanyia umbo hilo.

Isitoshe, hoja ya ugeni ina aibu ya pekee inapotolewa dhidi ya mitaa hii miwili. Kibera yenyewe ni zao la vita vya watu wengine. Wanubi, askari wa asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mtaa latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Jeshi hilo ndilo lililopigana na Wajerumani katika Tanganyika ya leo kati ya 1914 na 1918. Katika vita hivyo wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Kijana wa Kibera anayeuliza mpagazi anakunywa nini hajaiga filamu ya Kimarekani. Ameuliza swali ambalo historia ya mtaa wake ilimwachia.

Kawangware nayo imo Dagoretti, ambako Kapteni Lugard alijenga ngome ya kampuni ya Kiingereza mwaka 1890. Kabla ya ngome hiyo kusimama, Lugard aliapishana udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikufa Kibwezi akiwa mateka. Ofisa wa dola kuu kabisa ya wakati ule alikubali kuapa kwa damu kwa sababu alijua kwamba kiapo kitamfanyia kazi ambayo bunduki zake chache zisingeifanya. Yaani matumizi ya kiujanja ya miiko wakati wa uhasama yalikuwapo Dagoretti miaka 84 kabla ya Dungeons & Dragons kuchapishwa. Mgeni ni nani basi?

Kuhusu Dai la Tatu: Uganga na Makosa ya Wahakiki

Sasa tufike penye kiini. Jopo lilitumia neno moja, ushirikina, kwa mambo ambayo lugha yetu imeyatenga kwa uangalifu mkubwa. Kiswahili hakina jina moja kwa kile ambacho vitabu vya mchezo huu hukiita kwa neno moja la Kiingereza. Kina kago, linalowekwa shambani kulinda mazao. Kina fingo, linalofukiwa ardhini kulinda mji au nyumba. Kina zindiko, linalomkinga mtu au mahali kabla ya hatari. Kina zinguo, linaloondoa kilichokwisha kupandwa. Kina hirizi ya kuvaliwa na kombe la kunywewa. Juu ya yote hayo kina mpaka kati ya uganga na uchawi. Mpaka huo hauhusu aina ya nguvu. Unahusu anayeitumia, dhidi ya nani, na kwa idhini ya nani. Huu ni mfumo wa kanuni. Kila kipengele kina mahali pake, muda wake, mwiko wake na namna ya kuvunjika. Mhakiki anayeliita lundo hili lote ushirikina amefanana na mtu anayeziita nyota zote taa.

Tutazame kazi mbili. Ya kwanza ni utendi wa Fumo Liyongo kama ulivyotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Sote tunajua kwamba silaha haimdhuru Liyongo isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Wahakiki wamelifasiri sharti hili kama ishara ya udhaifu wa shujaa, na kitovu kama ishara ya uzazi na usaliti wa mwana. Hatukatai. Hata hivyo, kabla ya kuwa ishara, sindano ile ni kanuni, na kisa kizima kinaendeshwa na namna watu wanavyoitumia. Adui anafahamu kwamba nguvu isiyoshindika ina sharti, kwa hiyo haongezi mikuki. Anamtuma mtoto akaulize sharti ni lipi. Liyongo naye, alipokuwa gerezani, hakutumia nguvu zake za ajabu hata kidogo. Alitumia mkate wa wishwa ambao walinzi waliudharau, tupa iliyofichwa ndani yake, na kelele za ngoma zilizofunika mlio wa pingu zikikatwa. Hatimaye, baada ya kuchomwa, alipiga goti kisimani akiwa amevuta uta, akafa hivyo, na mji mzima ukakosa maji kwa siku kadhaa kwa kuiogopa maiti. Mwili uliokwisha kuishiwa na uganga ukafanya kazi ya jeshi lililozingira mji! Hilo ndilo tukio la kivita lenye ubunifu mkubwa kuliko yote katika utendi, nasi tumelipita mbio kwa sababu hatuna msamiati wa kulijadili. Vijana wa mezani wanao. Wangesema mara moja kwamba Liyongo alijua adui anaamini nini kuhusu nguvu zake, akaitumia imani hiyo hata pale nguvu zilipokwisha.

Wanafunzi wetu walikutana tena na kisima hicho katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, iliyosomwa kama kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya. Humo kisa kimevikwa vazi la siasa ya leo. Ni kazi yenye thamani, nasi hatumlaumu mtunzi kwa alichochagua. Tunaulaumu uhakiki uliokusanya kutokana na mabadiliko hayo funzo kwamba sehemu ya siasa ndiyo nzito na sehemu ya uganga ilikuwa maganda ya kutupwa.

Kazi ya pili ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, na historia iliyo nyuma yake. Mambo ya msingi yanajulikana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Watu wa Umatumbi walianza kung'oa pamba ya Wajerumani Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huo. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na kufyekwa na bunduki za rashasha. Vita vilipokwisha mwaka 1907, waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala, walikadiriwa na Wajerumani kuwa 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefikiria idadi inayokaribia 300,000.

Mbele ya vifo hivyo mhakiki wa kawaida hutoa hukumu moja: maji hayakuzuia risasi, kwa hiyo maji yalikuwa uongo, ingawa uongo wenye manufaa kwa umoja. Hukumu hii inaonekana ya kisayansi. Kwa kweli imeazima kipimo chake kutoka kwa maofisa waliokuwa upande wa pili wa rashasha. Maofisa hao walitoka katika mapokeo ya kijeshi yaliyofunzwa vita kwa mchezo wa Reisswitz, ambamo kila nguvu huhesabiwa kwa idadi ya watu inaowaangusha au kuwaokoa. Kipimo hichohicho ndicho Chainmail ilichokitumia mwaka 1971 ilipoigeuza radi kuwa mzinga. Wachezaji wa mezani walikiacha zamani. Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili bado tunacho.

Tuulize kama mchezaji hodari angeuliza: maji yale yalikuwa na uwezo wa kufanya nini, licha ya lile lililoandikwa juu ya lebo yake? Yaliweza kusafiri mkononi mwa mgeni bila kutiliwa shaka, kwa kuwa dawa ya mazao na ya afya si silaha machoni pa akida. Yaliweza kuwakusanya Ngarambe watu wa makabila yaliyokuwa hayaaminiani, kwa kisingizio cha hija ambacho serikali haikukielewa. Yaliweza kubeba habari kwa kunong'onezana kutoka mlima hadi mlima bila barua ya kunaswa. Yaliweza kuwawekea wapiganaji miiko, na miiko ni nidhamu ya jeshi lisilo na kambi wala mshahara. Katika kazi hizo zote nne maji yalifaulu kiasi kwamba dola ya Kijerumani ilishtukizwa na vita vilivyoenea katika sehemu kubwa ya kusini ya koloni yake. Yalishindwa katika kazi moja, ile ya kuwa ngao.

Tukiisoma tamthilia kwa jicho hili, mgogoro wake unabadilika. Kinjeketile wa Hussein hataki vita vianze mara moja. Anataka muda, anataka watu waungane kwanza na wafunzwe, na Kitunda anafunza. Mkasa haumo katika imani yenyewe. Umo katika nguvu moja kung'ang'aniwa kwa kazi isiyoiweza, na watu walioipokea kwa ajili ya umoja wakaenda nayo uwanjani kama ngao. Pale mwishoni, Kinjeketile anapokataa kutangaza kwamba maji yalikuwa ya uongo, wahakiki humwona ama kama shabiki asiyejirudi ama kama mwanamapinduzi anayelinda fikra. Sisi twaona jambo la karibu zaidi: anamnyima adui matumizi ya maji. Ofisa yule angeyapata maneno ya kuyakana maji, angeyatumia kuvunja vifungo ambavyo maji yalivifunga. Hata mfungwa aliyebakiwa na neno moja anaweza kuchagua lisitumiwe na nani.

Atakayetuambia kwamba tunatia chumvi na aitazame mienendo ya wakoloni wenyewe. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiipe serikali vibarua. Mwaka 1914 serikali ya Kiingereza iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hakuna anayetega baruti chini ya istiari. Miaka 40 baadaye, katika vita vya Mau Mau, serikali hiyohiyo iliyokuwa ikivikejeli viapo iliajiri waganga wake na kuandaa sherehe za kuwatakasa walioapa, kwa kutumia jiwe la githathi la Wakikuyu. Mkoloni aliandika ripoti kwamba ni ushirikina, kisha akafunga kalamu na kwenda kuutumia. Wahakiki wetu wamerithi ripoti bila kurithi ujanja.

Hatusemi haya kwa kusahau makaburi. Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, aliwaongoza wafuasi wake kutoka Acholi mwaka 1986 wakiwa wamejipaka mafuta ya kuwakinga na risasi, na wakiambiwa kwamba mawe yatalipuka kama makombora. Mwaka 1987 jeshi lake lilisambaratishwa karibu na Jinja, naye akakimbilia Kenya, alikofia mwaka 2007. Vijana wengi hawakurudi. Mfano huu, wapinzani wetu watasema, unatosha kuufunga mjadala. Kwetu unauthibitisha. Kilichowaua vijana wale ni kuuchukulia uganga kama kifaa cha kazi moja, kinachofanya kazi siku zote, kwa yeyote, bila swali. Elimu inayowafundisha vijana kuuliza nguvu hii inafika wapi, inakoma lini na ni nani anayelipa ikishindwa, ni kinga bora dhidi ya nabii mwenye mafuta kuliko elimu inayowakataza kulitaja jambo lenyewe. Uhakiki unaonyamaza unawaachia manabii uwanja.

Kuhusu Dai la Nne: Vita kama Mchezo

Dai la mwisho ndilo lenye uzito wa kibinadamu, nalo linastahili jibu la heshima. Kibera iliungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na reli ipitayo mtaani iling'olewa. Kawangware ilishuhudia majirani wakishambuliana baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017. Wengi wa wachezaji hao walikuwa watoto au vijana wakati huo. Je, ni haki kuwaweka mezani na kuwaambia wapigane?

Jibu letu la kwanza ni kwamba hakuna anayewaweka. Wanacheza tayari, na suala ni kama sisi tutasikiliza. La pili ni lile linaloonekana katika mifano yenyewe. Tuirudie: mmoja alimaliza kuzingirwa kwa mji kwa kuwanywesha wapagazi, mwingine alileta mazungumzo kwa taa nne na madebe. Hakuna aliyechoma kitu. Hatudai kwamba mchezo huponya majeraha, wala kwamba kila kikundi hucheza hivyo. Wapo bila shaka wanaofurahia tufe la moto, na utafiti ndio ungetuambia ni wangapi na kwa nini. Tunachodai ni kwamba umbo lenyewe la mchezo huweka tuzo juu ya njia ya tatu. Mwanasiasa anapomjia kijana na vita, humpa chaguo mbili, kupiga au kupigwa. Mezani kijana huyo huzoea kuuliza ni kitu gani kingine kilichomo mkononi mwake, na ni nani aliye upande wa pili ambaye naye ana kiu. Ikiwa fasihi ina kazi yoyote katika mitaa hiyo, hatuioni iliyo kubwa kuliko hii.

Woga wa jopo nao si mpya. Marekani katika miaka ya 1980 iliwahi kuvuma kwa madai kwamba Dungeons & Dragons huwaingiza vijana katika ibada za shetani. Kenya nayo iliunda mwaka 1994 tume ya rais ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Tunaishi katika jamii ambamo neno uchawi likitamkwa watu huacha kufikiri, na mara nyingine huchukua mawe na petroli, nao wanaouawa huwa ni wazee maskini. Kazi ya idara ya fasihi ni kurudisha fikra pale zilipoachwa. Idara inayokimbia pamoja na umati haina tofauti na umati.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sababu nne za kulikataa pendekezo lile zinasimama juu ya kosa moja: kudhani kwamba uganga katika masimulizi ya vita una maana mbili tu, uongo au ishara. Upo usomaji wa tatu, ambao hadhira ya Liyongo iliujua na ambao vijana wa Kibera na Kawangware wanaujua. Kwa usomaji huu uganga ni kanuni yenye masharti, na fasihi huanza pale mtu anapoitumia kwa namna ambayo mwenye kanuni hakuifikiria.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanaofundisha Kinjeketile na utendi wa Liyongo wawaulize wanafunzi, kabla ya kuuliza maji au sindano inaashiria nini, ilifanya nini, kwa nani, na ilikoma wapi. Pili, pendekezo lililokataliwa lirudishwe mezani na kusomwa upya kwa vigezo vinavyotumika kwa tafiti nyingine za fasihi simulizi. Likiwa na udhaifu wa mbinu, huo urekebishwe. Masimulizi haya hayaandikwi na yeyote. Kikundi kikivunjika, yanapotea, na hakuna maktaba itakayoturejeshea.